Mke wa Kulitosha Gauni

Kidoti alianza kuyaogopa mapenzi yake asubuhi ile alipoligeuza gauni la kijani upande wa ndani.

Mpaka hapo alikuwa mwanamke mwenye furaha, na furaha yenyewe haikujificha. Alikuwa akiimba kwenye cherehani. Wateja waliokuja kubadilisha zipu waliondoka wanatabasamu bila kujua kwa nini.

Duka alilofanyia kazi lilikuwa ubavuni mwa hospitali, chumba kirefu chenye madirisha makubwa, na nguo zote zilizouzwa humo zilikuwa mitumba. Faida ilikwenda kwenye wodi ya watoto walioungua. Aliyelianzisha alikuwa muuguzi mstaafu, kila mtu alimwita Mama Duka, na masharti yake yaliwachosha wengi. Hakupokea nguo mbovu kwa kisingizio kwamba maskini hachagui. Mafundi aliwalipa kama mafundi. Na mtu akileta nguo, Mama Duka alimkalisha kitini akamuuliza: ilikuwa ya nani, kwa nini unaitoa, mwenyewe ameridhika?

"Nguo si takataka," alipenda kusema. "Ukimpa mtu nguo, mpe na habari zake."

Ndivyo mwanamume aliyempenda alivyoingia maishani mwa Kidoti. Alikuwa mpima ardhi, mjane, mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye sauti ya chini na viatu visivyowahi kuwa na vumbi. Pale dukani walimwita Mpima. Alikuja na masanduku ya nguo za marehemu mkewe. Wengine huleta nguo za wafu zimesokomezwa kwenye magunia kwa sababu hawawezi kuzitazama. Huyu alizitoa moja moja akazipanga mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Kidoti aliipenda ile mikono kabla hajamwangalia mwenye mikono usoni.

Wiki iliyofuata Mpima alirudi akanunua blauzi moja kati ya zile alizotoa.

"Nimejuta," alisema. "Lakini sitaki irudi kabatini. Ivae wewe. Naona itakukaa."

Kidoti aliivaa. Ikafuata sketi. Ikafuata koti la bluu. Kila mara Mpima alisimama nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama kwa muda mrefu, na Kidoti aliyezoea kuonwa kama sehemu ya cherehani yake akahisi anatazamwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Hata kale kadoa chini ya jicho lake, kaliko­mpa jina tangu utotoni, Mpima alikasifu. Alipomwambia anataka kumuoa, Kidoti alikubali kabla sentensi haijaisha.

Gauni la kijani lilikuja mwisho. Halikuwemo kwenye masanduku. Mpima alilitoa nyumbani siku ilipotangazwa kwamba duka litafanya maonyesho ya mitindo ya mitumba, wageni washindane kununua kila vazi, fedha ziende kwenye vitanda vipya vya wodi. Alisema lilishonwa jipya kwa ajili ya mkewe na kwamba Kidoti ndiye atakayelivaa jukwaani. Kidoti alilishika kifuani apigwe picha ya bango, na picha ilipokwisha kupigwa Mpima alilirudisha kwenye mfuko wake wa nguo akaondoka nalo. Alilileta tena jana tu, amechora mstari wa chaki kiunoni.

"Punguza mpaka hapa."

"Hapa pananibana," Kidoti alimwambia, akacheka. "Kiuno changu kinaishia huku."

"Utafika," alisema Mpima, akambusu kwenye paji la uso.

Asubuhi ya maonyesho, basi, Kidoti alikuwa peke yake kwenye chumba cha kushonea, nyuma ya duka. Wenzake walikuwa ukumbini mwa hospitali wakipanga viti. Aliligeuza gauni apate kupitisha uzi, na akaona matundu ya sindano kwenye kiuno. Mstari wa matundu, na ndani yake mstari mwingine, na mwingine, kila mmoja ukiingia ndani zaidi ya uliotangulia. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa mara nyingi. Hakikuwahi kupanuliwa hata mara moja. Na kitambaa chote cha akiba kilikuwa bado kimekunjwa humo humo, hakuna aliyethubutu kukikata.

Hilo halikumtisha. Marehemu alikuwa mgonjwa, wagonjwa hupungua. Akashuka mpaka kwenye pindo. Pindo nalo lilikuwa limepandishwa kwa upana wa kiganja, na alama ya pindo la zamani ilionekana bado, mstari mweupe uliofifia, pale ambapo gauni lilikuwa likiishia zamani.

Aliutazama mstari huo kwa muda. Mtu anaweza kupungua unene, alijiambia. Urefu haupungui.

Gauni hili liliwahi kuvaliwa na mwanamke mwingine kabla ya marehemu, mrefu zaidi.

*

Alikaa akiwa amelishika mapajani, na maneno ya Shangazi yakamrudia, maneno ambayo jana yake yalimfanya aondoke mezani kwa hasira.

Shangazi alikuwa msusi, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyemlea Kidoti tangu wazazi wake walipofariki. Tangu Mpima aje kuposa, Shangazi alikuwa akizunguka nyumbani kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua asijue kiko chumba gani.

"Huyu bwana hajakosea neno hata moja tangu aingie humu ndani," alikuwa amesema. "Hilo ndilo linalonitisha."

"Shangazi, mtu akiwa mpole unataka agombe?"

"Nataka akohoe, basi. Apige chafya. Amekaa kwenye kochi langu saa nzima, kochi lile lina waya unaomchoma kila mgeni makalioni. Hata aliyekuja kusoma mita aliruka. Yeye hakusogea."

Kidoti alicheka, lakini Shangazi hakucheka.

"Na wewe umekwisha. Mashavu niliyoyalea mimi yako wapi?"

"Harusi inakaribia. Kila bibi harusi hupungua."

"Bibi harusi hupungua kwa mawazo, mwanangu. Wewe unapungua kwa maelekezo."

"Ananipenda, Shangazi."

"Sijasema hakupendi. Nauliza anakupenda wewe, au anapenda atakayebaki ukishamaliza kupungua?"

Kidoti alisukuma sahani akaenda kulala. Alijiambia kwamba Shangazi anaogopa kubaki peke yake. Ni maelezo mazuri, yanawatosha watu wengi wanaopenda.

*

Mlango wa chumba cha kushonea uligongwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu hata akainama kidogo kupita mlangoni, ingawa mlango haukuwa mfupi. Alikuwa na koti la mvua mkononi. Alisimama mbele ya gauni bila kuligusa.

"Samahani, mdogo wangu. Nimeliona kwenye bango. Nikajiambia siwezi kuwa na hakika mpaka nione bitana yake ya ndani."

"Bitana?"

"Ni ya rangi ya maziwa. Kwapani, upande wa kulia, kuna kiraka kidogo. Nilikitia mwenyewe, tena vibaya. Mimi si fundi."

Kidoti alikuwa amekiona kiraka hicho. Alikuwa amekicheka.

"Dada, wewe ni nani?"

"Nilikuwa mke wake. Wa kwanza." Alimwangalia Kidoti usoni akaona jibu kabla ya swali. "Hakukwambia."

"Alisema alioa mara moja tu."

"Basi ameniondoa vizuri." Alivuta kiti akakaa, kwa uzito, kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu. "Wala sishangai. Alikuwa nalo kabla hajanijua mimi. Aliliona kwenye dirisha la duka ujanani, akalinunua, akaliweka. Aliniambia siku moja, kwa furaha kabisa, kwamba atamtambua mkewe kwa gauni hili. Mimi nililiona jambo hilo tamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu."

"Alikupiga?"

"Hajawahi kuninyanyulia hata sauti. Ndiyo maana nilipoondoka sikuwa na la kuwaambia watu. Ningesema nini? Kwamba mume wangu ananipenda, ananipikia, na Jumapili ananipima kiuno?"

Kidoti alikuwa na utepe shingoni, ule wa kupimia. Aliutoa akauweka mezani.

"Urefu ulinitosha," mwanamke aliendelea. "Kiuno kilikuwa kidogo mno. Kila nilipokifikia, alikipunguza tena. Na nikipungua alifurahi kama mtoto. Furaha yake ilikuwa tamu, mdogo wangu. Hilo ndilo sijaweza kumweleza mtu yeyote mpaka leo. Unaweza kukaa na njaa siku nzima kwa ajili ya uso ule."

Kidoti aliujua uso ule. Alikuwa akila nusu sahani tangu mwanzo wa mwezi kwa ajili yake, na alikuwa amedhani hiyo ni siri yake nzuri.

"Na marehemu?" aliuliza hatimaye.

"Nilikutana naye kwenye ngazi za benki. Alikuwa amejishikiza ukutani ili apande. Binti mdogo kabisa. Nikamfuata nikamwambia yote haya ninayokwambia wewe. Akaniambia nina wivu." Aliligeuza koti la mvua mapajani. "Baadaye nikasikia amezikwa. Walisema ni moyo. Labda ni moyo kweli, mimi si daktari. Na wewe ukitaka kusema nina wivu, sema. Nimekuja tu hata hivyo."

"Sikuoni una wivu, dada."

"Amekupa kipimo gani?"

Kidoti aliutazama mstari wa chaki. Nje, kwenye varanda, zilisikika hatua za mtu anayetembea bila haraka, na alizijua. Siku zote hatua zile zilimfanya apitishe mkono kwenye nywele zake. Safari hii mkono ulibaki mapajani.

"Pitia mlango wa dukani," alimwambia yule mwanamke kwa sauti ya chini. "Nenda ukumbini ukakae na Shangazi yangu, ni mnene, amevaa miwani, yuko mstari wa mbele. Nataka nimsikie mwenyewe."

"Usimsikilize sana."

"Kwa nini?"

"Utamhurumia," alisema yule mwanamke, akatoka.

*

Mpima aliufunga mlango nyuma yake taratibu, akaujaribu kitasa kuhakikisha umeshika. Alikuwa amenyoa vizuri na alinukia sabuni.

"Hujavaa."

"Halifungi," Kidoti alisema.

"Umepunguza pale nilipokuonyesha?"

"Nimelipiga pini pale pale. Halifungi."

Alisogea akamzungushia mikono kiunoni, vidole gumba mbele, vingine nyuma, akabana kidogo. Kidoti alihisi mwili wake unamwitikia kama ulivyozoea. Hata sasa, hata baada ya yote aliyoyasikia, alitamani aegemeze kichwa kifuani pale na dunia iachwe ilivyo. Ndipo alipohisi vidole vinasogea, kimoja baada ya kingine, vikitafuta kukutana.

Alikuwa anampima.

"Bado kidogo," Mpima alisema. "Si mbaya. Leo tutaliacha wazi nyuma tuweke shali, hakuna atakayeona. Mpaka harusi utakuwa umefika."

"Wa kwanza kulivaa alikuwa mrefu."

Mikono ilisimama.

"Nani kakwambia?"

"Pindo. Limepandishwa. Marehemu mkeo alikuwa saizi yangu, nimevaa sketi zake."

Kidoti alingoja akane. Alitaka akane. Lakini Mpima alitabasamu, tena kwa fahari, kama mwalimu aliyejibiwa vizuri.

"Ndiyo maana nakupenda. Una macho. Ndiyo, kulikuwa na mwingine. Hakuwa tayari. Alichoka akaondoka, sikumzuia."

"Na marehemu?"

"Alikuwa tayari." Sauti yake ililainika. "Sijawahi kuona mtu anayejitahidi vile. Wiki ile ya mwisho zipu ilipanda mpaka juu bila kushikwa na mtu. Alilia kwa furaha. Nami nililia."

"Wiki ya mwisho ya nini?"

Mpima alianza kuutengeneza ukosi wa gauni mezani, akiufuta kwa kidole vumbi ambalo halikuwepo.

"Kama alilipenda hivyo," Kidoti alisema, "kwa nini hukumzika nalo?"

Mpima aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameshangaa kweli.

"Gauni?" alisema. "Ningelizikaje gauni?"

Kidoti akajikaza. Kulikuwa na swali moja limebaki, na moyo wake, ule mjinga, ulikuwa bado unamwombea ajibu vizuri.

"Sikiliza," alisema. "Kitambaa cha akiba kipo chote ndani. Nikifumua mshono huu, nikashona upya, litanitosha kama nilivyo leo. Ni kazi ndogo. Nitalivaa jukwaani, nitalivaa kwenye harusi, nitalivaa mpaka uchoke kuniona nalo. Nikipanue kiuno?"

Alichukua kifumulio, kile kidude kidogo chenye ncha, akakisogeza kwenye uzi.

"Usiliguse."

Hakupaza sauti. Aliishusha. Alikuwa amemshika kifundo cha mkono, si kwa kumuumiza, kama mtu anavyomshika mtoto karibu na jiko.

"Halipanuliwi," Mpima alisema. "Kidoti, mpenzi wangu. Gauni haliwezi kubadilika. Wewe ndiye unayeweza."

Wakatazamana. Macho yake yalikuwa yale yale, yenye upole ule ule, na Kidoti akaelewa kwamba upole huo haukuwa wa uongo. Angempenda hivi hivi, kwa sauti hii hii, mpaka atakapokuwa amejishikiza ukutani kupanda ngazi.

"Niachie mkono," alisema. "Wananingoja."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Duka alisimama jukwaani na kipaza sauti, amevaa suti iliyotengenezwa kwa mapazia ya hospitali ya zamani, na kila vazi lilipopita alieleza habari zake: koti hili lilikuwa la dereva wa gari la wagonjwa, sketi hii ilikuwa ya mapacha walioigombania. Watu walicheka, wakanyoosha mikono, wakanunua. Walioketi nyuma walikuwa baadhi ya wazazi wa watoto wa wodini, na wao hawakununua, walitazama tu.

Gauni la kijani lilikuwa la mwisho. Kidoti alipanda jukwaani akiwa na nguo zake za kazi, na gauni likining'inia kwenye henga. Minong'ono ikaanza. Mpima, mstari wa pili, alirekebisha mkao wake kitini. Mama Duka alimtazama fundi wake, akaona uso ule, akampa kipaza sauti bila kuuliza.

"Masharti ya duka letu ni kusema habari za nguo," Kidoti alianza. "Nguo hii tuliambiwa ni ya mwanamke mmoja. Si kweli. Wameivaa wawili. Wa kwanza ni huyu hapa mbele."

Mwanamke mrefu alisimama. Shangazi, pembeni yake, alikuwa amemshika mkono.

"Wa pili amefariki. Gauni hili lilipunguzwa kiuno kila walipolikaribia, nao wakaacha kula ili walifikie. Mimi ningekuwa wa tatu. Nilikuwa nimeshaanza. Hamna ridhaa ya mtu kwenye nguo hii, na duka letu halitakiwi kuiuza."

Watu ukumbini hawakujua wamtazame nani. Kisha Mpima akainuka, akafunga kifungo cha koti lake.

"Bibi huyu hayuko sawa leo, mtamwia radhi," alisema kwa upole. "Mimi nitalinunua. Nitatoa bei ya vitanda vyote vya wodi."

Makofi yakalipuka. Walipiga hata wazazi wa nyuma; mama mmoja alisimama, mikono kifuani. Kidoti alimwona, na akamwona Mama Duka amefumba macho. Mama Duka alikuwa amekesha na watoto wale kwa miaka. Aliviona vitanda vile katika ndoto zake.

Alipofumbua macho, alikichukua kipaza sauti kwa Kidoti akakiweka mdomoni.

"Kwako haliuzwi," alisema.

"Basi nirudishieni tu," alisema Mpima. "Na mchango nitautoa vilevile. Sina kinyongo na mtu."

Kelele za kukubali zilisikika kutoka kila upande. Lilikuwa jambo la haki, kwa masikio ya mtu yeyote: mtu apewe nguo yake, watoto wapate vitanda. Hata Mama Duka alisita. Mpima alianza kuja mbele, mikono ameinyoosha kidogo, na Kidoti akaona kwamba hakuwa akimtazama yeye. Macho yake yote yalikuwa kwenye henga.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yake. Kidoti aliuingiza kiunoni mwa gauni, pale pale kwenye chaki, akakata. Kitambaa kilikuwa kizito. Ilimbidi akate mara ya pili na ya tatu, na kila mara sauti yake ilisikika mpaka nyuma. Nusu ya chini ilianguka jukwaani.

Mpima alisimama. Midomo yake ilifunguka, na machozi yakaanza kumtoka, mazito, bila sauti. Alipiga magoti akaiokota ile nusu, akaikunja pande mbili, kwa uangalifu uleule ambao Kidoti aliupenda siku ya kwanza. Kidoti alitazama mikono ile na moyo wake ukapasuka, kwa sababu hata sasa ilikuwa mizuri.

"Ulikuwa umebakiza kidogo sana," Mpima alimwambia.

Akaondoka na kipande chake. Mlangoni watu walimpisha.

Wageni wengi walitoka na hasira, wengine walirudisha walivyonunua. Wodi ilipata vitanda vichache kuliko ilivyotarajia, na yule mama aliyesimama alipita mbele ya Kidoti bila kumsalimu. Hilo lilimuuma. Alilia mikononi mwa Shangazi nyuma ya jukwaa, kilio kirefu cha mtu aliyefiwa.

"Nilimpenda," alisema. "Shangazi, bado nampenda."

"Najua," Shangazi alisema, akimpapasa mgongoni. "Hayo yataondoka yenyewe, polepole. Wewe hujaondoka, hilo ndilo ninaloliangalia mimi."

*

Siku zilipita bila Mpima kuonekana. Hakupiga simu, hakuja dukani, hakutuma mtu. Mwanamke mrefu alikuja mara mbili kumjulia hali, na mara ya pili alileta nguo zake mwenyewe za kutoa. Kidoti alianza kuingia na kutoka bila kuangalia varandani.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu yake iliita. Alikuwa ni fundi mwenzake waliyejifunza naye kushona, mwenye karakana upande wa pili wa mji. Tangu chuoni walimwita Zipu kwa sababu mdomo wake ulikataa kufunga.

"Mwenzangu, nisaidie," Zipu alisema. "Lile gauni ulilolishika kwenye bango, mshono wake wa kifuani ulikuwaje? Nina mteja hapa kaleta bango lenyewe, na kitambaa cha kijani kizuri ajabu, na nusu ya gauni la zamani la kuigia. Anataka lirudi lilivyokuwa."

Kidoti aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani.

"Mteja gani?"

"Mwanamume mmoja mpole, sijapata kuona. Mjane, maskini. Ananiongelesha kwa uangalifu, kama anayeshika yai. Anasema nilijaribishe kwenye mwili wangu mimi mwenyewe, eti tunakaribiana na marehemu, ila kiuno nikiweke kidogo kuliko changu." Zipu alicheka, kicheko chepesi, cha mtu aliyetazamwa kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia hapa sifiki. Unajua kaniambia nini?"

Kidoti alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshautoa mkoba wake kwenye msumari akautundika begani, na kwa mkono usio na simu alikuwa akimpungia Mama Duka amfungulie mlango.

"Yuko hapo sasa hivi?" aliuliza.

"Amekaa hapa mbele yangu. Ananisubiri nikate."

"Usikate hicho kitambaa," Kidoti alisema. "Nakuja."